Anastahimili

Mkuu wa gereza alikuwa mtu wa karatasi. Kabla Inspekta hajakaa sawasawa kwenye kiti, faili lilikuwa limeshatua mezani mbele yake, limefungwa kwa utepe, na kila ukurasa umegongwa muhuri kana kwamba mihuri inagawiwa bure.

"Kila kitu kimo humo, Inspekta," alisema. "Hukumu ya mahakama: miaka mitatu na fimbo sita. Fomu ya daktari, hii hapa. Alipigwa Jumanne saa nne asubuhi. Fimbo ya nne ilipotua, akalegea. Tukamfungua, tukamkimbiza zahanati, akakata roho mlangoni. Ni bahati mbaya, lakini sisi hatujakwenda kinyume hata kwa nukta."

Inspekta alilivuta faili, akafungua utepe. Polisi wenzake walimwita Taratibu, jina alilopachikwa chuoni, na mpaka leo hakuna aliyejua kama walimaanisha kwamba anakwenda polepole au kwamba haondoki mahali bila kusoma kanuni kwanza. Yote mawili yalikuwa kweli. Alivaa miwani, akaanza kusoma faili kuanzia kwenye jalada.

Asubuhi hiyo, kabla ya kuja gerezani, alikuwa amekaa na dada wa marehemu. Marehemu alikuwa fundi baiskeli wa miaka ishirini na sita, na huyo dada ndiye aliyemlea, kwa kushona nguo, baada ya wazazi wao kufariki. Hakupiga kelele wala hakumlaani mtu. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayeogopa kuchosha watu.

"Mdogo wangu alikosa, afande. Walivamia duka na wenzake, akampiga mwenye duka kwa bomba la baiskeli. Afungwe, sikatai. Lakini moyo wake ulikuwa mbovu tangu ana miaka tisa. Vali moja haifungi. Ukimtegea sikio kifuani, bila hata kipimo, unasikia kama mtu anachekecha unga. Nilimwambia askari wa getini, akasema daktari atamwona kabla ya fimbo, ndiyo sheria. Sasa naomba nijue kitu kimoja tu. Kuna mtu yeyote alimtegea sikio?"

Inspekta alimwahidi kwamba atapata jibu kabla hajamzika mdogo wake. Akamwambia akamsubiri hospitali, kwenye chumba cha maiti, maana mwili ungetolewa siku hiyohiyo ripoti ikikamilika. Mkubwa wake kazini naye alikuwa amempa maelekezo yake kwa simu: kama fomu ya daktari ni halali, andika kifo cha ghafla, funga faili, tuendelee na mengine.

Kwa hiyo yote yalikuwa juu ya karatasi moja. Na karatasi yenyewe ilimtatiza Inspekta tangu alipoiona. Sauti anayoisikia mshona nguo kwa sikio lake tupu, daktari mwenye kipimo ataikosaje? Ama aliisikia akaandika uongo, ama hakusikiliza kabisa.

Fomu ilikuwa imechapwa, imeachwa nafasi moja ya kujazwa kwa mkono. *Nimempima mfungwa aliyetajwa hapo juu na ninathibitisha kwamba ............ adhabu ya viboko.* Juu ya vile vidoti, kwa wino wa bluu, palikuwa na neno moja: *anastahili*. Chini yake, saini na muhuri wa daktari.

Inspekta alilisoma neno lile mara tatu.

"Hili neno ni la kawaida?" aliuliza.

"Lipi?" Mkuu wa gereza alinyoosha shingo. "Anastahili. Ndiyo. Anastahili adhabu."

"Anayesema mtu anastahili ni hakimu. Daktari anaulizwa kama anastahimili. Kama mwili wake utavumilia."

Mkuu wa gereza aliichukua fomu, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu tena. Ilionekana wazi kwamba hakuwahi kuisoma. "Silabi moja hiyo, Inspekta. Kalamu imeteleza."

"Inawezekana. Naomba fomu zote za viboko mlizonazo."

"Zote? Za nini?"

"Nione kalamu imeteleza mara ngapi."

Walimpeleka stoo, wakamwonyesha boksi, wakamwacha na vumbi lake. Alivua koti, akapiga magoti, akazipanga fomu sakafuni kwa tarehe. Zilikuwa thelathini na nne, pamoja na ya marehemu. Kwenye ishirini na nane palikuwa na neno *anastahimili*, kwa mwandiko uliolalia upande wa kulia, mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika akiwa na haraka. Tano za mwisho, za miezi saba iliyopita, zilisema *anastahili*, kwa mwandiko wa duara uliosimama wima kama wa daftari la shule. Saini ilikuwa ya mtu mmoja kwenye zote.

Hiyo moja iliyobaki ndiyo iliyomfanya akae chini kabisa. Ilisema *hastahimili*, na daktari alikuwa ameipigia mstari. Fomu iliyoifuata ilikuwa ya mfungwa huyohuyo, namba ileile, siku arobaini baadaye: *anastahimili*. Baada ya hiyo, ule mwandiko wa kulalia haukuonekana tena. Inspekta alizitia zile mbili mfukoni pamoja na ya marehemu, akaenda kumtafuta mwenye mwandiko wa duara.

Alianza na karani, kwa sababu sehemu ya juu ya fomu, penye jina na namba na kosa, ilijazwa na karani, na mwandiko wake nao ulikuwa wa duara. Alimkuta anapiga mihuri. Alimpa karatasi na kalamu, akamwambia aandike: *Mgonjwa anastahimili baridi lakini anastahili blanketi.*

Karani aliandika bila kusita, akamrudishia. Hapakuwa na kosa hata moja.

"Mke wangu anafundisha Kiswahili, afande," alisema kwa kicheko kidogo. "Nikikosea nalala sebuleni."

"Na huku chini, ni nani anajaza?"

"Chini sigusi. Fomu inatoka zahanati imeshajazwa chini na kusainiwa, mimi namalizia juu." Kicheko kilikuwa kimemwishia. "Kuna tatizo?"

"Ulishawahi kusoma kilichoandikwa?"

Karani aliutazama muhuri wake. "Najaza jina, namba na kosa, afande. Sikutumwa zaidi ya hapo."

Zahanati ya gereza ilikuwa chumba kimoja chenye kitanda, kabati la vioo na sinki. Mwenye chumba alikuwa koplo mmoja mzee, mpole, aliyesomea huduma ya kwanza miezi mitatu enzi za ujana wake. Wafungwa walimwita Dokta Mdogo, na hakuwa akijifanya kwamba jina hilo linamkera. Alikuwa anafua bandeji. Alipoona cheo cha mgeni, alijifuta mikono, akasimama wima kadiri mgongo ulivyomruhusu.

"Naomba fomu tupu ya viboko," Inspekta alisema.

Mzee alifungua droo, akampa. Inspekta aliigeuza huku na huku. Juu hapakuwa na jina, katikati hapakuwa na neno, lakini chini palikuwa na saini na muhuri.

"Nimeomba tupu."

"Tupu ndiyo hiyo, afande."

"Imesainiwa."

"Zote zimesainiwa. Daktari akija, mara moja kwa mwezi, anaona wagonjwa, akimaliza anasaini kumi, ananiachia. Tangu miezi saba iliyopita. Anasema ana kazi nyingi hospitali. Siku ya fimbo zenyewe haji."

"Hebu ijaze hiyo. Kama unavyojazaga."

Dokta Mdogo alikaa, akaweka mkono wa kushoto juu ya karatasi isicheze, akaandika polepole, herufi moja moja, mpaka likatoka: *anastahili*. Aliridhika nalo. Inspekta alihisi huruma, na hakuitaka kwa sababu kazi ilikuwa bado.

"Yule wa Jumanne, ulimpima?"

"Mimi?" Mzee alishtuka. "Mimi si daktari, afande. Hawa wananitania tu."

"Sasa ulijuaje cha kujaza?"

"Nilisoma hukumu."

"Hukumu?"

"Naam. Huwa naisoma yote, sijazi hivihivi. Kuna mmoja mwezi wa tatu nilikaa na faili lake siku mbili, nikaona kosa lake dogo, nikaenda kumuuliza mkuu kama kweli anastahili. Lakini huyu wa Jumanne alimpasua mwenye duka kichwa. Mtu mzima, mwenye watoto. Nikaona, hapa kweli anastahili."

Inspekta alitoa mfukoni fomu moja ya zamani, akaiweka kando ya ile mpya. Dokta Mdogo alisogeza kichwa, akafuata neno kwa kidole, midomo ikicheza: a-na-sta-hi-mi-li. Akarudi kwenye lake. Akarudi tena kwenye lile la daktari.

"Kwani neno si hilo langu?"

"Hapana, mzee wangu. Waliuliza habari ya mwili wake. Kosa lake walishamaliza mahakamani."

Koplo aliondoa kidole. Bandeji zilikuwa zinadondosha maji sakafuni, naye hakuziangalia.

"Watano," alisema. "Na fomu zinapita kwa karani, zinapita kwa mkuu. Miezi saba. Hakuna hata mmoja aliyeniambia, mzee, umekosea."

"Hakuna aliyesoma." Inspekta alivuta kiti, akakaa karibu naye. "Huyo wa Jumanne alisema chochote?"

"Alisema moyo wake mbovu, anaomba daktari amwone. Nikamwambia daktari ameshasaini. Akasema, nionyeshe. Nikamwonyesha. Akaitazama ile saini, akaitazama, halafu akanyamaza. Shati akavua mwenyewe, bila kulazimishwa."

"Kwa nini anyamaze?"

"Sijui, afande. Hata mimi nilishangaa. Nilijua atagoma."

Inspekta aliandika hilo pia, akalipigia alama ya kuuliza pembeni. Akazichukua fomu zote zilizobaki kwenye droo, akampa mzee mkono kwa kumuaga. Mzee aliushika akauliza kwa sauti ndogo kama atafungwa. Inspekta akasema bado hajui, na ilikuwa kweli, kwa sababu alijua njia rahisi ya kulimaliza jambo hili ni ipi. Koplo mzee asiye na cheti amejaza fomu ya daktari: mkubwa wake angeipokea ripoti hiyo kwa mikono miwili.

Saa saba mchana alikuwa hospitali. Ofisi ya daktari ilikuwa mwisho wa korido ndefu iliyojaa watu kwenye mabenchi, na mlangoni palibandikwa ratiba. Inspekta, kwa mazoea yake, aliisoma kabla ya kubisha. Jumatatu: wodi ya wanaume. Jumanne: upasuaji mdogo. Jumatano: kliniki ya moyo.

Alisimama hapo hata muuguzi akamuuliza kama anajisikia vibaya.

"Kliniki ya moyo hii," alisema, "daktari wake ni mmoja?"

"Ni yeye huyohuyo, tangu hospitali ijengwe. Hatuna mwingine."

Inspekta akafuta ile alama ya kuuliza kwenye daftari lake. Alitamani angekuwa amekosea. Akabisha.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye macho ya kukosa usingizi. Alizitazama zile fomu mbili za zamani zilipowekwa mezani, akafunga kalamu yake.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nilisikia juzi kwamba mfungwa amefia kwenye fimbo. Huyo koplo usimguse. Alijaza kwa sababu nilimwachia."

"Nitafika huko. Kwanza niambie kuhusu huyu." Inspekta alisogeza zile fomu mbili za mfungwa mmoja. "Hastahimili. Siku arobaini baadaye, anastahimili. Halafu hukuandika tena."

Daktari hakuigusa ile karatasi.

"Alikuja na malaria ya kupanda kichwani, damu imekwisha, kilo arobaini na mbili. Nikaandika hastahimili, nikapiga mstari. Nilijiona shujaa. Mkuu wa gereza wala hakunigombeza. Alisema, sawa daktari, basi mtibu mpaka astahimili. Kumbe adhabu haifutwi, inaahirishwa tu."

"Ukamtibu."

"Ningefanyaje? Nimwache afe? Nilimtibu. Dawa, damu, nikamwombea hata chakula cha ziada. Akanawiri. Kila nikija ananishukuru, ananiita baba. Siku ya arobaini nikaandika anastahimili, kwa sababu alikuwa anastahimili kweli. Nikasimama pembeni kama sheria inavyotaka, nikatazama wakiuchana mwili nilioujenga kwa mikono yangu. Walipomfungua, akanigeukia, akasema asante daktari. Hakuwa ananisema, Inspekta. Alikuwa ananishukuru kweli. Tangu siku hiyo neno lile sikuweza kuliandika."

"Lakini saini uliweza."

"Ndiyo."

"Ungekataa."

"Ningekataa wangeleta mwingine. Nilijiambia hivyo. Na wagonjwa wa gereza nani angewaona? Nilijiambia hivyo pia. Basi sikukataa wala sikukubali. Nilisaini, nikageuka. Nilidhani nisipotazama, simo."

Inspekta aliyaandika yote kwenye daftari lake. Alikuwa amehoji wauaji, akala nao chakula, akalala vizuri. Huyu alimuumiza.

"Ukisema koplo alichukua fomu bila ruhusa yako, utatoka," alisema. "Sikushauri. Nakuambia kilichopo. Wapo watakaokuletea hilo neno kabla ya jioni, na watakuja na maelezo yameshachapwa."

"Nimekuambia usimguse yule mzee."

"Vizuri. Jina la marehemu unalijua?"

"Hapana."

"Mwili umelala hapa tangu Jumanne. Hukuuliza?"

"Niliogopa," daktari alisema.

Inspekta alimtajia jina.

Kwanza daktari alitikisa kichwa, kama mtu aliyesikia vibaya. Kisha akasema, "Fundi baiskeli?" Akainuka, akaliendea kabati la mafaili, akatoa faili moja bila kutafuta, nene, limechakaa pembeni. Alilikumbatia tumboni akiwa amesimama. "Mwezi uliopita hakuja kliniki. Nikasema labda amesafiri. Alikuwa hakosi huyu. Dada yake hamruhusu kukosa."

"Aliomba akuone," Inspekta alisema. Aliona ni haki kumwambia, na aliona ni ukatili, akamwambia. "Hakujua ni wewe. Aliomba daktari tu. Koplo akamwonyesha fomu. Saini ile alikuwa anaiona kwenye kadi yake ya kliniki miaka kumi na saba. Alipoiona alinyamaza, akavua shati."

Daktari alikaa. Faili lilimponyoka likaanguka, karatasi zikasambaa chini: vipimo, dozi, tarehe za Jumatano. Hakuna aliyeziokota. Kisha daktari aliomba karatasi, akaandika maelezo yake mwenyewe, mistari minne, kwa ule mwandiko wa kulalia. Kwamba fomu ni yake. Kwamba hakumpima. Kwamba angempima asingeruhusu apigwe hata fimbo moja. Kwamba koplo hakutenda ila alichoachiwa. Inspekta alisoma, akaandika saa na tarehe, akasaini kama shahidi.

"Dada yake yuko chini, nje ya chumba cha maiti," alisema. "Ameniuliza kama kuna mtu alimtegea sikio mdogo wake. Niliahidi nitampa jibu. Naweza kwenda peke yangu."

Daktari alilichukua koti lake jeupe, akalivaa mkono mmoja, akalivua tena na kuliacha kitini.

Walishuka ngazi pamoja. Dada alikuwa kwenye benchi la mwisho, shuka jeupe limekunjwa mapajani. Aliwaona kabla hawajamfikia. Akasimama, akampita Inspekta kama hamwoni, akaushika mkono wa daktari kwa mikono yake yote miwili.

"Daktari! Tangu juzi nakuulizia, wananiambia una wagonjwa." Machozi ambayo asubuhi hakuyatoa yalikuwa yanamtiririka sasa. "Afande, huyu ndiye daktari wetu. Huyu ndiye anayemjua mdogo wangu ndani na nje. Mwambie, daktari. Mwambie kwamba ingekuwa wewe, mtoto asingeguswa."

Daktari aliinama, akaanza kulia. Yeye dada akaona mtu amefiwa kama yeye alivyofiwa, akamsogelea, akawa anampapasa ule mkono polepole, anambembeleza.

"Pole, daktari. Nyamaza. Ulifanya ulichoweza. Hata yeye alijua."

Inspekta alipiga hatua moja mbele ili aseme yeye, kwa sababu alikuwa ameahidi. Daktari akamzuia kwa kutikisa kichwa.

"Dada," alisema. "Niliyesaini ni mimi."

Dada alimtazama usoni, kwa upole uleule, akisubiri amalizie. Mkono alikuwa bado ameushika.

"Ulisaini nini?" aliuliza.